Akaunti moja, herufi kubwa na ndogo: Windows inapokea, Linux inakataa

MtuWaSeva

Wakuu, habari za saa hizi. Nina jambo la siku ya nne sasa na usingizi umeniisha.

Mtandao wetu ni mseto. Kompyuta za watumiaji ni Windows, zimo kwenye Active Directory (AD), saraka ya Microsoft inayotunza akaunti za kikoa. Seva ni Linux, zimejiunga na kikoa hicho hicho kwa SSSD, programu inayoiunganisha Linux na saraka. Kuna akaunti ya huduma inaitwa SvcRipoti. Kila usiku inachukua tiketi ya Kerberos (kibali cha kuingia) kwa kutumia faili la funguo (keytab) badala ya kuchapiwa nywila, inavuta ripoti, inamaliza. Imefanya hivyo miaka mitatu bila kuguswa.

Wiki iliyopita watu wa usalama walizima RC4, usimbaji wa zamani, kwenye kikoa. Nikatengeneza faili jipya lenye ufunguo wa AES, usimbaji mpya zaidi, kwa `ktutil`, nywila ile ile, amri nimeitoa kwenye daftari langu:

`addent -password -p svcripoti@MFANO.TEST -k 1 -e aes256-cts-hmac-sha1-96`

Nikilijaribu:

`kinit -kt ripoti.keytab svcripoti@MFANO.TEST`
`kinit: Preauthentication failed while getting initial credentials`

Kinachonichanganya ni hiki: nikiandika `kinit svcripoti@MFANO.TEST` na kuchapa nywila kwa mkono, tiketi inatoka. Saa za seva na za kikoa zinalingana, nimeangalia mpaka nimechoka. Na kabla hamjaniambia nilitengeneze upya, nimeshalitengeneza mara saba.

kijana_wa_kebo

Ngoja waje wajuzi. Mimi ningetazama nywila, labda ina alama ya ajabu mwishoni.

MtuWaSeva

Ingekuwa nywila, hata kwa mkono ingekataa mkuu.

Shupavu

Naona umeandika svcripoti kwa herufi ndogo wakati akaunti ni SvcRipoti. Lakini AD haijali hayo. Andika AMINA, Amina, aMiNa, unaingia tu. Kwa hiyo siyo hiyo. Hizi ndizo raha za Linux, pole.

dafutari

Shupavu, umefika mlangoni kabisa halafu ukaufunga mwenyewe. Ni hiyo hiyo.

MtuWaSeva, nywila yako haitumiki ikiwa uchi. Kwenye Kerberos ya AES, ufunguo hupikwa kwa nywila pamoja na chumvi, yaani maandishi ya ziada yanayochanganywa nayo, na chumvi ya akaunti ya mtumiaji kwenye AD ni jina la eneo (realm) kwa herufi kubwa likifuatwa moja kwa moja na jina la akaunti, herufi zikiwa *kama zilivyohifadhiwa*. Kwako wewe ni:

`MFANO.TESTSvcRipoti`

Sasa `ktutil` haimuulizi mtu. Inachukua jina ulilochapa na kujitengenezea chumvi yake:

`MFANO.TESTsvcripoti`

Herufi mbili tu zimetofautiana, S na R. Lakini chumvi zote mbili zimeingia kwenye kinu cha hesabu kiitwacho PBKDF2 na kusagwa mara 4096, na kilichotoka upande mmoja hakina undugu na kilichotoka upande wa pili. AD imekutambua vizuri sana, kwa sababu kwenye kutafuta akaunti kweli haijali herufi. Imekukataa baadaye, kwenye hesabu.

Ukichapa nywila kwa mkono mambo ni tofauti. `kinit` hutuma ombi la kwanza, seva hujibu kwamba inataka uthibitisho wa awali, na ndani ya jibu hilo huiambia chumvi sahihi. `kinit` hupika upya kwa chumvi hiyo. Faili lako halina nafasi hiyo, ufunguo wake umeshaiva.

Tengeneza tena kwa `-p SvcRipoti@MFANO.TEST`. Kama `ktutil` yako ni ya karibuni, `addent` ina `-f` inayoichukua chumvi kwenye seva yenyewe.

MtuWaSeva

Naomba nikae chini kidogo.

Swali moja: miaka mitatu ilifanyaje kazi na jina hilo hilo la herufi ndogo?

dafutari

RC4 haina chumvi. Ufunguo wake ni nywila iliyosagwa kwa MD4 na basi, jina haliingii popote. Ungeweza kuandika jina kwa herufi zozote na ufunguo ungebaki ule ule. Kosa lako lina miaka mitatu, RC4 ilikuwa inakufichia tu.

Angalizo jingine, kwa vile najua utakachofanya sasa hivi: ukishatengeneza faili kwa SvcRipoti, kwenye skripti yako pia liandike hivyo hivyo. Utafutaji ndani ya faili la funguo unajali herufi, na ukiomba svcripoti utaambiwa hakuna funguo zinazofaa, utarudi hapa unalia.

MtuWaSeva

IMETOKA. Tiketi imetoka. Na kweli, mara ya kwanza nilisahau kubadilisha skripti nikapata kosa lile lile ulilosema. Ahsante sana mkuu, sina la kukulipa.

Nahodha_B

Nilikuwa nasoma kimya. Hii inaelezea balaa letu la mwaka jana. Akaunti ilibadilishwa jina, ikatoka herufi ndogo zote ikawa na herufi kubwa mwanzoni, na mafaili mapya ya funguo yakakataa ingawa tuliandika jina jipya sawasawa.

dafutari

Ndiyo, kwa sababu chumvi huhifadhiwa pamoja na ufunguo siku nywila inapowekwa. Kubadilisha jina hakupiki ufunguo upya. AD inabaki na chumvi ya jina la zamani hadi nywila ibadilishwe. Mkiwa na shaka, washeni `KRB5_TRACE=/dev/stderr` kabla ya `kinit`, mtaiona chumvi kwa macho yenu kwenye maandishi yanayomiminika.

Shupavu

Sawa, nimeshindwa kwa haki. Lakini bado nauliza kwa nini Windows hatuyaoni haya.

dafutari

Mnayapitia kila siku, ila yamefunikwa. Mfano NTLMv2, njia nyingine ya Windows ya kuthibitisha nywila: kabla ya kupiga hesabu, jina la mtumiaji hupandishwa lote kuwa herufi kubwa, pande zote mbili. Ukiandika amina au Amina, kinachoingia kwenye hesabu (HMAC) ni AMINA. Waliobuni walijua watu hawaandiki majina yao namna moja, wakaweka kanuni ndani ya protokali yenyewe. Jina la kikoa halipandishwi, hiyo ni hadithi nyingine.

Kerberos imeandikwa tofauti. RFC 4120 ya 2005, waraka wa kanuni zake, inayachukulia majina kuwa yanajali herufi, eneo nalo hivyo hivyo. Microsoft kwenye AD yao wakachagua kutojali. Ndiyo maana ukiandika `kinit amina@mfano.test`, eneo kwa herufi ndogo, AD inakujibu vizuri lakini kwa jina MFANO.TEST, na `kinit` inakasirika: `KDC reply did not match expectations`. Seva imekubali, mteja ndiye amekataa.

mzee_wa_teletaipu

Vijana, mnataka kujua kwa nini Unix ilipenda herufi ndogo? Tulipoanza, vituo vingi vilikuwa Teletype 33, mashine ya 1963, na ilikuwa na herufi kubwa tu. Ukichapa jina lako lote kwa herufi kubwa pale kwenye kuingia, mfumo ulihitimisha kwamba umekaa kwenye mashine isiyo na herufi ndogo, ukaanza kukushushia kila unachochapa. Mtu aliyejipa jina la herufi kubwa tupu alikuwa anajitafutia mkosi.

Msidhani imekufa. Fungueni maelezo ya `agetty` kwenye Linux yenu ya leo, mtafute `--detect-case`. Ipo.

kijana_wa_kebo

Mzee shikamoo. Hii nimeipenda kuliko suluhisho lenyewe.

mzee_wa_teletaipu

Marahaba.

wifi_haikamati

Wakuu naomba nidandie uzi. Mimi ni FreeRADIUS, seva inayothibitisha wanaoingia, Wi-Fi ya PEAP na MSCHAPv2 (njia za kuthibitisha nywila). Watu wanaandika majina yao ovyo, mara Amina mara AMINA, na kwenye ripoti za matumizi mtu mmoja anaonekana watatu. Nikaona niwe mjanja, nikashusha `User-Name` kuwa herufi ndogo mwanzoni kabisa. Tangu hapo walioandika jina kwa herufi ndogo wanaingia, wengine wote wanakataliwa na nywila ni sahihi. Nikiondoa ule ushushaji, wote wanaingia.

dafutari

Ndugu yake chumvi huyo. MSCHAPv2, RFC 2759 ya 2000: changamoto ya pande mbili husagwa kwa SHA-1 *pamoja na jina la mtumiaji kama mteja alivyolituma*. Simu imepiga hesabu kwa "Amina", wewe ukapiga kwa "amina". Majibu hayawezi kulingana. Hata kwenye logi utakuta mstari unaolalamika kwamba `User-Name` si sawa na jina lililotoka kwenye EAP-MSCHAPv2.

Usiiguse `User-Name`. Acha ipite kama ilivyo. Ulichoshusha kiweke kwenye `Stripped-User-Name`, nacho ndicho ukitumie kutafutia kwenye saraka na kuandikia ripoti.

wifi_haikamati

Nitajaribu usiku huu watu wakilala. Kumbe ndiyo maana kuna mjanja mmoja alikuwa na vifaa sita wakati nimeweka kikomo viwili.

Nahodha_B

Huyo hakuwa anajua MSCHAPv2, alikuwa anajua tu kwamba ukibadilisha herufi moja unahesabiwa upya. Kama unahesabu vipindi kwa `radutmp` (orodha ya FreeRADIUS ya waliomo), kuna `case_sensitive` ndani yake. Iweke `no`. Ukihesabu kwa SQL, angalia ulinganishaji wa safu ya jina.

Zena_saraka

Na mimi nina langu, na nadhani nimeshalijua jibu, nalileta ili lisimpotezee mwingine wiki mbili kama lilivyonipotezea mimi.

Saraka yetu ni OpenLDAP yenye mpangilio wa RFC 2307, seva za zamani zinatumia `libnss-ldap` kusoma watumiaji humo. Mtumiaji mmoja alikuwa anaingia vizuri tu lakini folda za kundi lake anazikosa. Siku nyingine anazipata. Tukabadilisha seva, tukafuta kashe, tukamlaumu yeye. Hatimaye nikasimama nyuma yake nikamtazama akichapa. Siku simu yake ilipokuwa ndiyo anatumia kuingilia, kibodi ilimwekea herufi kubwa mwanzoni. Kwenye kompyuta, ndogo.

Nikaenda kusoma mpangilio wa saraka. Sifa ya `uid` inalinganishwa kwa `caseIgnoreMatch`, haijali. Sifa ya `memberUid`, ile inayoorodhesha wanachama wa kundi, inalinganishwa kwa `caseExactIA5Match`, inajali. Yaani ndani ya saraka *moja*, jina *lile lile*, kanuni mbili. Akiingia kama Amina, saraka inasema karibu, nywila ni sawa, huyu ni amina. Kisha mfumo unauliza: Amina yumo kwenye makundi gani? Saraka inajibu: simjui mtu huyo.

Nilikaa nikacheka peke yangu.

Shupavu

Hii sasa ni uonevu.

kijana_wa_kebo

Jamani si tukubaliane tu: kila mahali shusha herufi. Kila seva, kila programu, herufi ndogo. Uzi ufungwe.

dafutari

Umemsoma wifi_haikamati au umempita? Yeye alishusha. Akavunja Wi-Fi ya watu.

Swali si kushusha au kutoshusha, ni *nani analinganisha, na analinganisha na nini*. Jina linapita mikononi mwa wengi kabla mtu hajaingia: fomu, PAM (moduli za kuingia za Linux), saraka, seva ya tiketi, mfumo wa mafaili, orodha ya ruhusa. Shusha pale mlangoni, kabla ya kutafuta, na jina utakalolipata kwenye saraka ndilo utembee nalo kuanzia hapo. Lakini lile lililochapwa na mtu, kama protokali imelisaga ndani ya hesabu, liache lilivyo hadi hesabu iishe.

Zena_saraka

Na kwenye kushusha kuna hatari ya usalama ambayo watu hawaioni. `nslcd`, huduma nyingine ya kuiunganisha Linux na saraka, ina `ignorecase`, na maelezo yake yenyewe yanaonya kwamba kuiwasha kunaweza kufungua njia ya kukwepa ruhusa. Nilidhani wanatia chumvi (samahani kwa neno hilo) mpaka nilipojaribu. Tulikuwa na `pam_listfile` inayozuia akaunti fulani kwenye seva ya mafaili, ile orodha ya kizamani ya `/etc/ftpusers`. Ndani yake kumeandikwa `amina`. Moduli hiyo inalinganisha jina lililochapwa, herufi kwa herufi. Nikachapa AMINA. Orodha ikasema huyu sina habari naye, apite. Saraka ikasema namjua, ni amina, nywila sawa. Nikaingia.

Orodha za kuruhusu hazina shida hiyo, zikikosea zinamfungia mtu nje na atapiga kelele. Orodha za kukataza zikikosea hakuna anayepiga kelele.

Nahodha_B

Hiyo nakwenda kuiangalia sasa hivi. Naomba radhi kwa kuondoka ghafla.

MtuWaSeva

Mwenye uzi nimerudi. Baada ya kusoma haya nimeanza kutazama na seva nyingine. Kwenye SSSD kuna `case_sensitive`, na nimeona inakubali thamani tatu. Ipi niweke?

dafutari

Kwa AD iache ilivyo. Chaguo-msingi kwa AD ni `false`: haijali herufi, na majina yote yanatoka kwa herufi ndogo kwenye `id` na `getent`. `Preserving` nayo haijali kwenye kutafuta, lakini inatoa jina kama lilivyo kwenye AD. Watu wanaipenda kwa sababu majina yanapendeza. Sisi tuliiweka, kesho yake skripti ya kuhifadhi nakala iliyokuwa inasoma `/home/$USER` ikawa inatafuta `/home/Amina` wakati folda ni `/home/amina`. Haikutoa kosa lolote. Ilihifadhi hewa kwa wiki nzima.

`true` usiiguse ukiwa na AD nyuma yako.

kijana_wa_kebo

Mimi nimeandika hii ya kutafuta majina yanayogongana:

`getent passwd | cut -d: -f1 | tr 'A-Z' 'a-z' | sort | uniq -d`

Seva zangu zote ni safi. Haitoi kitu.

Zena_saraka

Mdogo wangu, kama unatumia SSSD, kuorodhesha watumiaji wote kumezimwa kwa kawaida. `getent passwd` imekupa akaunti za hapo kwenye seva tu, zilizoandikwa kwenye `/etc/passwd`. Ukitaka kujua kweli, toa orodha kwenye saraka yenyewe kwa `ldapsearch`, kisha uichanganye na hiyo ya seva.

kijana_wa_kebo

Ah.

Nimechanganya. Kumetoka majina manne.

dafutari

Hayo manne usiyafute leo. Angalia kwanza namba ya UID ya kila moja na mafaili yanayomilikiwa. Mara nyingi mmoja ni mtu na mwingine ni mabaki ya akaunti ya zamani, lakini siyo mara zote.

Na hiyo `tr` inatosha kwa majina ya herufi za kawaida tu. Ukiwa na majina ya lugha nyingine, mambo ni mengine. Kwa Kituruki, herufi ndogo ya I ni ı isiyo na nukta, na herufi kubwa ya i ni İ yenye nukta. Programu inayoshusha kwa kufuata lugha ya mashine itaigeuza ADMIN kuwa admın, na huyo si admin. Ndiyo maana kuna RFC 8265 ya 2017 inayoeleza jinsi majina ya watumiaji yanavyotakiwa kuandaliwa na kulinganishwa, na yenyewe imeweka njia mbili: ya kushusha na ya kuacha yalivyo. Hawakujifanya kwamba jibu ni moja.

Nahodha_B

Nimerudi. Tulikuwa na orodha mbili za kukataza, zote zilipitika. Sitasema zaidi.

Kwenye hilo la herufi za kila lugha (Unicode), Spotify waliwahi kueleza wenyewe mwaka 2013. Jina lililoandikwa kwa herufi zilizoinuliwa juu ya mstari za mtindo wa ᴮᴵᴳᴮᴵᴿᴰ likipitishwa kwenye kisafishaji mara moja linatoka BIGBIRD. Likipitishwa mara ya pili linatoka bigbird. Anayejisajili amepita mara moja, jina linaonekana halina mwenyewe. Anayeomba kubadilishiwa nywila amepita mara mbili, na anayebadilishiwa ni bigbird wa kweli. Akaunti ya mtu imekwenda.

Tangu niisome, kila kisafishaji cha majina nakijaribu hivi: matokeo yake nayarudisha ndani tena. Yakibadilika, sikitumii.

wifi_haikamati

Mrejesho: `User-Name` nimeiacha, nimetumia `Stripped-User-Name`. Wote wanaingia. Mwenye vifaa sita amebaki na viwili na ameshapiga simu kulalamika kwamba Wi-Fi ni mbovu.

Shupavu

Nimekuja kinyenyekevu. PostgreSQL, seva ya Linux. Skripti yangu ya jana ilimuunda mtumiaji kwa `CREATE USER Amina;` na ikasema sawa. Leo programu inajiunga kama Amina, inaambiwa `role "Amina" does not exist`. Nimejaribu AMINA pia.

Zena_saraka

Jaribu amina. Ukiunda bila alama za nukuu PostgreSQL inashusha jina. Ukijiunga, haishushi.

Shupavu

Imeingia. Sitaki maelezo.